Babu wa kanzu na milango miwili

"Mjukuu wangu, mimi hapa ni yupi?"

Babu alikuwa amesimama kwenye ujia wa nyuma wa ukumbi wa harusi, hapa Tanga. Kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, juu yake koti la kijivu, kichwani kofia ya nakshi ya mkono, bakora ameibana kwapani. Mbele yake milango miwili ya vyoo. Wa kushoto una kibao cha mtu mwenye miguu miwili iliyoachana. Wa kulia una kibao cha mtu aliyevaa vazi moja linaloshuka kutoka mabegani na kupanuka kuelekea chini. Babu akakitazama kile cha kulia. Akajitazama yeye: vazi moja, linashuka kutoka mabegani, linapanuka kuelekea chini. Akanigeukia tena, anangoja jibu.

Hakuwa anatania. Ukumbini taarabu ilikuwa imekolea, na mtu mzima alikuwa amebanwa.

"Wa kushoto, babu. Huo ndio wa wanaume."

"Huyu wa suruali?"

"Ndiye huyo."

"Haya. Leo nimekuwa mtu wa suruali." Akaingia, kicheko chake nikakisikia mpaka ndani.

Mimi nikabaki pale na soda yangu, nimeshikwa na haya ambayo nisingeweza kumweleza mtu.

Vibao vile nilivitengeneza mimi.

## Kazi ya dakika kumi

Nina kibanda cha stika na mabango. Mwenye ukumbi alinipigia simu Alhamisi, anataka vibao viwili vya choo kabla ya Jumamosi. Kazi kama hiyo hainidai hata kufikiri. Faili lipo kwenye kompyuta tangu niliponunua mashine. Nalifungua, nachagua ukubwa, natuma, kisu kinakata. Jasho liko kwenye kung'oa mabaki: unaingiza ncha ya sindano, unanyanyua taratibu ile stika isiyotakiwa, usije ukaondoka na kichwa. Maana kichwa cha yule mtu hakina shingo. Ni duara linaloelea juu ya mabega, nalo ndilo la kwanza kubanduka.

Jumatatu nikalifungua faili lile na kulitazama. Nasema kulitazama, kwa sababu kulitumia nimelitumia miaka. Nikawachukua wale wawili nikawalaza mmoja juu ya mwenzake. Kichwa kilekile. Mabega yaleyale. Nyayo zinaangukia palepale. Tofauti yote ni pembetatu moja iliyokatwa ncha. Aliyewachora alimmaliza kwanza mmoja, akamnakili, kisha yule wa pili akambandika gauni.

Ubavu wa Adamu, kwa kompyuta.

Wiki tatu zilizofuata swali la babu lilinijia kila niliposhika sindano, na kila nilipolifukuza lilirudi na mwenzake. Nani aliamua kwamba vazi linaloshuka ni la mwanamke? Si Tanga hii, ambako Ijumaa mchana barabara nzima huwa nyeupe kwa kanzu. Na kama si Tanga, mimi wa Tanga nimekuwa nikimfanyia nani kazi?

## Picha zilizotaka kuunganisha

Ukimfuatilia kijitu yule nyuma, unafika Vienna mwaka 1925, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa na Otto Neurath. Alikuwa mwanafalsafa na mtaalamu wa uchumi, na nia yake nitaitetea popote. Alitaka mfanyakazi wa kiwandani, aliyetoka kazini amechoka, aingie pale na aelewe kwa macho ni familia ngapi hazina nyumba na ni watoto wangapi wanakufa, bila kuumizwa kichwa na majedwali. Kwa hiyo badala ya tarakimu zikaja safu za vijitu, kila kimoja kikibeba idadi yake ya watu. Gerd Arntz ndiye aliyekuja kuvichora, akivichonga kwanza kwenye linoleamu kama muhuri. Maneno, alisema Neurath, hutenganisha, picha huunganisha.

Nilipoanza kazi niliuandika msemo ule kwa kalamu ya wino ukutani, juu ya mashine. Bado upo. Umefifia kidogo.

Ambaye sikumsikia chuoni ni Marie Reidemeister, baadaye Marie Neurath. Yeye alikaa katikati: upande mmoja wataalamu na takwimu zao, upande mwingine wachoraji, naye akiamua kipi kionekane na kipi kiachwe. Wenzake walimwita mgeuzaji. Jina la mtindo wenyewe, Isotype, ni yeye aliyelitunga mwaka 1935. Mimi ninayekula kwa kugeuza maneno ya wateja kuwa picha nilifundishwa jina la mumewe, jina la mchoraji, na nikafanyiwa mtihani juu yao.

Kilichofuata nitakipitia mbio. Siasa za Austria ziliwahamishia Uholanzi mwaka 1934, vita vikawasukuma Uingereza mwaka 1940, kwa boti. Mtindo ukaendelea bila wao. Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, kikundi cha Katsumi Masaru kikatengeneza alama za wageni wasiosoma Kijapani, za vyoo zikiwemo. Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mbunifu Otl Aicher akamnyoosha yule kijitu mpaka akabaki mistari na duara. Mwaka 1974 Idara ya Uchukuzi ya Marekani, pamoja na chama cha wabunifu cha AIGA, wakatoa alama 34 za viwanja vya ndege na vituo vya safari, zilizochorwa na Roger Cook na Don Shanosky. Mwaka 1979 zikafika 50. Na wakaziachia: atakaye achukue, hakuna malipo.

Hilo la bure ndilo lililomfikisha yule kijitu Tanga.

Nimejaribu kumtafuta mbaya katika habari hii na sikumpata. Hakuna aliyekaa mezani akasema tuwatenge wanawake, wala tumfedheheshe mzee wa kanzu. Walihitaji watu wawili wanaotofautiana upesi, kwa mbali, kwa msafiri anayekimbilia ndege. Wakaangalia nje ya dirisha lao. Hata pale dirishani, mwaka 1974, wanawake chungu nzima walikuwa wamevaa suruali. Lakini alama haichori unachokiona, inachora unachokizoea. Mimi ningefanya vilevile. Nimefanya vilevile, kwa malipo.

## Mtu

Kilichonikosesha usingizi zaidi hakikuwa chooni.

Nilipita barabarani siku moja nikamwona yule wa suruali kwenye kibao cha kivuko. Kesho yake nikamwona kwenye lifti ya ofisi fulani. Kwenye mlango wa dharura anakimbia. Kwenye nguzo ya umeme anapigwa na radi, maskini. Kila mahali anaposimama peke yake, maana yake ni mtu. Mwenzake wa gauni haitwi mpaka pawe na haja ya kusema mwanamke, au pawe na mtoto wa kubadilishwa nepi.

Ujerumani kuna kijitu cha taa za barabarani, cha kofia, kilichobuniwa na Karl Peglau mwaka 1961 upande wa mashariki. Watu wanakipenda mno. Mwaka 2004 mji wa Zwickau ukaamua na mwanamke naye avuke: wakamtia nywele za kusuka, na sketi. Yule wa kwanza alikuwa anavuka tu. Huyu wa pili anavuka akiwa mwanamke.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sisi tuna neno ambalo wao hawana picha yake. Mtu. Mtu anavuka barabara. Ni mama? Ni baba? Kiswahili hakikuulizi. Amekuja, ameondoka, yeye, wake: unaweza kusimulia kisa kizima cha jirani, kuanzia ugomvi mpaka suluhu, na msikilizaji asijue ni mume au ni mke mpaka utakapoamua kumwambia. Nikaona raha. Nikasema Neurath kwetu amesimama kichwa chini: neno ndilo linalounganisha, picha ndiyo inayotenganisha.

Raha ile ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa hasemi kulia na kushoto. Alisema mkono wa kuume na mkono wa kuke. Wa kuume unakula, unasalimia, unapokea. Wa kuke, kazi zake unazijua. Kwa hiyo lugha nayo isijitie utakatifu.

Na kuna hili la fundi. Fundi ni neno zuri, halina gauni wala suruali. Lakini hakuna wiki inayopita bila mteja kuingia, kunikuta nimeketi mbele ya mashine, vipande vya stika vimeniganda mpaka kwenye kiwiko, na kuniuliza kwa adabu zote:

"Dada, samahani. Fundi yupo?"

Neno halina picha. Mteja anakuja nayo.

## Vibakuli vya nusu duara

Katika usiku wa kutafuta-tafuta nikaangukia kwa Marianne Brandt, na hapa naomba nikae kidogo.

Shule ya Bauhaus ilifunguliwa Weimar mwaka 1919 na Walter Gropius, na kila mtu aliyewahi kugusa kazi ya ubunifu ameibeba mgongoni bila kujua: mistari iliyonyooka, herufi zisizo na madoido, umbo linalofuata kazi yake. Vibao vyangu vya choo ni wajukuu wa mawazo yale. Gropius alitangaza kwamba milango iko wazi kwa wanawake kama kwa wanaume, na wanawake wakajaa, wengi kuliko alivyotarajia. Kisha, taratibu, wakaanza kuelekezwa karakana ya ufumaji. Anni Albers alitaka vioo; akapelekwa kwenye nyuzi. (Akazifanyia maajabu. Naye Gunta Stölzl aliiongoza karakana ile ikawa miongoni mwa zilizouza vizuri. Lakini mtu akishakula asichokiagiza, kusema kilikuwa kitamu ni suala lingine.)

Brandt alipenya kwenye chuma. Mwaka 1924 aliingia karakana ya metali, na miaka mingi baadaye akasimulia jinsi walivyompokea. Walimpa kazi za kuchosha. Alikaa akigonga kwa nyundo vibakuli vidogo vya nusu duara, kimoja baada ya kingine, kwenye metali ngumu inayopasuka kwa urahisi, akiamini kwamba ndivyo ilivyo, kwamba kila mwanzo ni mgumu. Baadaye sana wenzake wakamkiri kwamba hawakutaka mwanamke mle ndani. Kufikia hapo alikuwa ameshatengeneza birika lake dogo la chai, lile ambalo leo limo kwenye makumbusho, na mwaka 1928 ndiye aliyekuwa akiiendesha karakana.

Niliposoma habari ya vile vibakuli nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika duka moja la mabango Dar es Salaam. Tuliingia watatu pamoja, mimi na vijana wawili. Wao wakakalishwa kwenye mashine. Mimi nikapewa sindano. "Wasichana mna mikono myepesi," bosi alisema, na alisema kwa kusifu, nikaona fahari. Miaka miwili nikang'oa mabaki. Herufi ndogo za mihuri, namba za magari, vichwa vya vijitu visivyo na shingo. Kucha za mkono huu ziliota vibaya na bado hazijakaa sawa. Na mimi pia niliamini kwamba kila mwanzo ni mgumu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mwanzo wa wale vijana ulikuwa na kiti cha kuzunguka.

Mashine nilijifunza usiku, kwa kumlipia mlinzi chai.

## Mng'arishe kidogo

Sasa nisijifanye niliyeonewa tu.

Mwaka wa kwanza wa kibanda changu nilikuwa bado napiga brashi. Mama mmoja mwenye saluni akaniletea picha ya binti yake, nimchore ukutani kwa nje, ameachia nywele. Binti ni maji ya kunde, mwenye uso mzuri wa kuchoreka. Nikamchora alivyo. Mama akaja, akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, mng'arishe kidogo."

Nikaongeza nyeupe kwenye kahawia. Akaja tena. Kidogo tena, mwanangu, wateja watadhani saluni haina mafuta mazuri. Nikatia nyeupe na njano. Kopo la kahawia nililolinunua kwa ajili ya kazi ile likabaki karibu zima. Siku ya tatu binti mwenyewe alipita kutoka shule, akasimama akatazama.

"Huyu nani?"

Nikamwambia ni mtu tu.

Kwa kinyozi, nyumba ya nne kutoka pale, nilichora vichwa sita vya wanaume vyenye namba, mteja achague mkato. Vyeusi tii vyote sita. Hakuna aliyeniambia nimng'arishe yeyote. Na hakuna aliyewapa tabasamu. Wanaume wale wametazama mbele kama wako kwenye kitambulisho. Binti wa saluni alitakiwa acheke. Mkorogo unauzwa dukani, ndiyo, lakini tangazo lake la kwanza lilikuwa kazi ya mkono wangu, tena kwa rangi ya mafuta isiyofutika kwa mvua.

Matangazo makubwa ya barabarani nayo nimeyabandika, nimepanda ngazi mwenyewe. Sabuni ya unga: mama amelinyanyua shati la mtoto, uso umejaa nuru kana kwamba ameona mwezi wa Idi. Saruji: baba, mikono imekunjwa kifuani, nyuma yake ghorofa. Chini ya bango lile la saruji siku hiyo palikuwa na ujenzi kweli, na waliokuwa wakipokezana ndoo za zege kichwani, nusu yao wanawake. Nilipokuwa juu ya ngazi niliwaona wote kwa pamoja, bango na zege. Sikuliona jambo. Niliona upepo, na hofu ya karatasi kukunjamana.

Wenye matangazo wanajua kwamba sura hii ya kike na ya kiume si kitu cha kuzaliwa nacho, kwa maana wanakibadilisha wakitaka. Marlboro katika miaka ya 1920 iliuzwa kama sigara ya akina mama, laini kama mwezi wa Mei. Miaka ya 1950 biashara ikadai wanaume, na wanaume wakati ule waliona sigara yenye kichungi ni ya kike. Kampuni ya matangazo ya Leo Burnett ya Chicago ikaleta mchunga ng'ombe mwenye kofia pana. Jina lilelile. Wajomba zangu walikuwa wakiivuta kwa kukunja uso kama yule mchungaji, na hawajawahi kuchunga hata mbuzi.

## Mapacha

Nilimwahidi mwenye ukumbi vibao vipya, bure. Aliona ajabu, akakubali.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kama tatizo ni mavazi ya wenzetu, nichore ya kwetu. Nikachukua penseli. Mwanaume wa kanzu. Mwanamke wa baibui. Nikawajaza weusi kama alama zinavyotaka, nikawatoa kwa ukubwa wa kibao, nikawabandika ukutani, nikavuka barabara nitazame kwa mbali.

Kengele mbili.

Nikamtia mwanaume kofia. Kengele mbili, moja ina kizibo. Nikamviringishia mwanamke mtandio mabegani. Kizibo na bila kizibo, basi. Mama yangu alipita kuniletea chakula akauliza mbona nimechora mapacha. Nikacheka, kisha nikaketi chini. Kanzu na baibui, nguo ambazo nimekua nikizijua kuwa mbalimbali kama chumvi na sukari, ukiziondolea kitambaa, nakshi, harufu ya udi na mwendo wa mwenye nazo, ni umbo moja. Tofauti tunayoiona iko mahali ambapo kivuli hakifiki.

Kijana anayenisaidia dukani ni mtu wa Moshi. Alikuwa kimya muda wote, kisha akanyoosha kidole kwenye zile kengele.

"Dada, na mimi niingie wapi?"

Swali la babu lilelile, limevaa jinzi.

Nilimkumbuka tena Marie Neurath. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi na serikali ya Nigeria Magharibi, ile ya Obafemi Awolowo, kutengeneza vijitabu vya kuwaeleza wananchi mipango ya elimu, afya na kilimo. Miongo mitatu alikuwa mmoja wa walioijenga lugha ya picha kwa ajili ya dunia nzima, na alipofika kule ikambidi aifungue na kuishona upya, michoro ifuate watu, nyumba na mashamba ya wale waliotakiwa kuielewa. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Lakini yeye alikuwa anachora kijitabu cha watu anaowajua sasa. Mlango wa choo cha ukumbi hauchagui. Leo harusi ya watu wa Pangani, kesho kipaimara, keshokutwa semina ya watu kutoka Dodoma.

Nikarudi kwenye maneno. Najua hoja ya kuyapinga: mgeni hasomi Kiswahili, mtoto hajajua kusoma. Mgeni Tanga atauliza, na ataulizwa yeye habari za nyumbani kwanza. Mtoto ana mama. Kilichonisumbua ni kingine, cha kifundi. Andika WANAUME. Andika WANAWAKE. Rudi nyuma hatua kumi. Herufi nne za kwanza ni zilezile! Jicho linaokota WANA, linaridhika, mwili unaingia. Nikajaribu ME na KE, kama kwenye fomu za serikali; mama akasema ni kama kuingia hospitali. Mwishoni nikaandika WANA kwa kijivu chembamba, kisha UME na WAKE kwa herufi nene, kila moja na rangi yake. Hakuna kijitu. Hakuna wa kubanduka kichwa.

Nilivipenda vibao vile. Navipenda bado.

## Kanga

Nilivipeleka Jumatano saa nne asubuhi, na drili begani. Kulikuwa na kikao cha watu wengi ukumbini, wa mikoa tofauti. Nikaenda moja kwa moja kwenye ujia wa nyuma, na pale nikasimama.

Mlango wa kulia ulikuwa umetundikwa kanga.

Kanga nzima, kwenye misumari miwili, pindo jeusi, mji mwekundu, korosho kubwa kwenye pembe. Jina lilikuwa limeangukia kwenye mkunjo, sikuweza kulisoma. Nilisimama pale labda robo saa nikijifanya nachagua tindo ya drili. Waliingia watu kumi na moja. Hakuna aliyetazama kibao. Hakuna aliyesita. Wanaume walikuwa wakiiona kanga kwa pembe ya jicho na kukata kushoto kabla hawajafika.

Nilijisikia mjinga na nilifurahi, vyote kwa pamoja. Hii ndiyo kazi ya uchapaji ambayo wateja wake wanawake wameisimamia zaidi ya miaka mia. Tangu akina Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa na kanga zao za "Mali ya Abdulla", mfanyabiashara wa kanga hakuthubutu kuwaamulia wanawake nini ni kizuri. Alikwenda kuwasikiliza, kisha akaagiza vitambaa ng'ambo, na akikosea mzigo unamlalia. Mabango yangu yamewaeleza wanawake wawe vipi. Kanga ilibidi iwaulize. Na ilikuwa mbele ya macho yangu wiki tatu zote. Nilikuwa nimejifunga moja kiunoni nilipokuwa nachora zile kengele.

Kisha nikajibishana na nafsi. Kanga ni ya wanawake? Babu yule, akifika nyumbani akavua kanzu, nina hakika hujifunga ya bibi akalala nayo. Nusu ya wanaume waliokata kushoto asubuhi ile waliamka wamejifunga kanga.

Mhudumu wa usafi alitokea na ndoo. Mama wa makamo, mikono imekunjwa mpaka juu.

"Shikamoo mama. Wazo hili la kanga nani amelitoa?"

"Marahaba. Wazo gani?"

"La kuitundika hapa, watu wajue."

Akanitazama, akaitazama kanga, akacheka.

"Wajue nini? Kitasa kimekufa tangu ile harusi, mlango haufungi. Wanawake walikuwa wanalalamika wanaonekana."

Nikamwonyesha vibao vipya. Akavisifu, akasema rangi zimetulia. Ili nipate kutoboa ikabidi aishushe kanga. Akaitoa msumari mmoja, kisha wa pili, akaikunja begani, nami nikabandua kibao cha zamani nikakiweka chini. Nikapima, nikatia alama ya penseli, nikawa nimeinama kutafuta waya wa umeme. Kijana mmoja mwenye shati la kitenge akatuvuka sote wawili, simu sikioni, akasukuma mlango wa kulia.

"Wee!" mama akapiga kelele. "Kanga huioni?"

Kijana akageuka, simu bado sikioni.

"Iko wapi?"